Bendera Ikishuka, Watu Wanasimama

Mantapala, tarehe 3 Aprili 2024

Kwa Papa,

Salamu nyingi. Natumaini karatasi hii itakukuta unapumua vizuri, na magoti yako hayakusumbui kwa mvua hizi za mwisho. Mimi ni muzima. Cherehani yangu ni nzima, nyumba haivuji ila pembeni ya mulango. Kama umeshtuka kuona mwandiko huu, keti kwanza. Ni mimi, Fidélie.

Huu ni mwaka wa saba tangu tuachane pale kwenye boti, na sikukuandikia hata mara moja. Leo pia siandiki kwa kuombana radhi. Naandika kwa sababu nina kazi na kazi imenishinda.

Tarehe 20 mwezi wa sita hapa kambini tunafanya siku ya wakimbizi. Kamati imenipa mimi kushona bendera mbili, ya Zambia na ya kwetu. Ya Zambia haikunisumbua, isipokuwa yule tai. Nilienda kusimama mbele ya shule, nikamwangalia, nikamchora kwa makaa. Ya kwetu sikumuuliza mutu. Nilishona ile niliyoiimbia shuleni: buluu yote, nyota kubwa katikati, nyota sita ndogo zimepangana kando ya mulingoti. Siku nne, Papa. Nyota si mchezo, kila ncha inataka kufumuka.

Nilipoikunjua mbele ya kamati, Didier, yule kijana msimamizi wa vijana, akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema hiyo ni ya zamani, ya sasa ina mustari mwekundu. Muzee Gauthier, mwenyekiti, akasema wote tumepotea, bendera ya kwetu ni ya kijani yenye mukono ulioshika mwenge, yeye aliifanyia mazoezi ya kutembea miaka ishirini. Kulikuwa na mama mmoja muzee sana, akachora yake mavumbini kwa kidole cha muguu, akitaja rangi moja moja: nyekundu, nyeupe, kijani, na misalaba mitatu pembeni. Watu wakarudi hatua nyuma. Mutu mmoja akaifuta kwa kandambili.

Didier ana picha kwenye simu, lakini ni ndogo kama ukucha, na Muzee Gauthier anasema simu zinadanganya. Ndipo nikakukumbuka. Wewe ulikuwa planton, tarishi wa biro ya serikali, umevuta kamba ya bendera maisha yako yote. Niambie ya kwetu ni ipi na inakaa namna gani. Mpe Mama Noëlla jibu, anavuka kila wiki mbili na chumvi na vitenge.

Binti yako,
Fidélie


Lukongwa, tarehe 21 Aprili 2024

Kwako mutoto wangu Fidélie,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi niko. Magoti yanauma kama kawaida, hayana habari mpya. Barua yako niliisoma mara tatu nikiwa nimeketi, ulivyoniagiza, na mara ya nne nikiwa nimesimama. Niliipeleka kanisani nikamwonyesha mchungaji bahasha tu, ndani hapana.

Nikuambie kwanza jambo moja, usije ukasumbuka kutafuta namba yangu. Masikio yamekufa. Yalianza mwaka wa 2021, moja likafuata lingine kama mbuzi. Simu ninayo, naitumia kuangalia saa. Mutu akinisemesha, namwangalia mudomo na kuitika, na mara nyingi naitikia mahali pasipofaa. Kwa hiyo barua ni nzuri. Barua naisikia.

Sasa bendera. Kwenye kamati yako hakuna hata mmoja aliyekosea. Kila mutu amechora ile iliyomukuta akiwa na miguu ya kukimbia. Mimi nahesabu saba. Nilizaliwa chini ya buluu yenye nyota moja, ya Wabelgiji. Nikiwa na miaka kumi ikashuka, na huku kwetu Katanga ikapanda ile ya misalaba mitatu, misalaba ya shaba. Yule mama muzee usimwonee, lakini usiishone hiyo hata kwa mchezo, watu wamekufa kwa kitambaa hicho mara ya kwanza na mara ya pili. Katanga iliporudi Kongo tukapata buluu ya nyota sita, nyota moja kwa kila jimbo la wakati ule, haikukaa. Halafu buluu yenye mustari mwekundu. Halafu 1971 kijani yenye mwenge, nchi ikaitwa Zaire na sisi wenyewe tukabadilishiwa majina. Hiyo ndiyo niliyoajiriwa kuipandisha, mwaka wa 1978. Mwaka wa 1997 zikarudi nyota sita, ndiyo yako ya shule. Tangu 2006 ni hii ya sasa. Tatu nimezivuta kwa mikono yangu, asubuhi saa moja na nusu na jioni saa kumi na mbili. Zambia wana moja tu tangu 1964. Watu wenye bahati, wameoa mara moja.

Ya sasa shona hivi. Buluu iwe ya mbingu ya asubuhi, si buluu ya sare ya polisi. Hiyo ni amani. Mustari mwekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, na ukingo wa njano huku na huku ni utajiri wetu, ambao mimi na wewe hatujauona. Nyota ya njano inakaa juu, karibu na mulingoti. Mustari unaanzia chini kwenye mulingoti na kupanda mpaka juu ng'ambo. Ukiuanzia juu nchi itakuwa inateremka.

Umeandika kwamba huombi radhi. Sawa. Mimi nimefurahi tu.

Papa yako,
Michée


Mantapala, tarehe 8 Mei 2024

Papa,

Shikamoo, na pole kwa masikio. Mama Noëlla aliniambia kwamba humujibu mutu, nikadhani ni kiburi. Mimi ni muzima, kikohozi kidogo cha vumbi la vitambaa.

Maelezo yako yamefika vizuri. Nimezifumua nyota zote sita. Buluu ya mbingu nimeipata soko la Nchelenge, njano nimeikata kwenye pazia la Mama Noëlla mwenyewe, kasema nisikuambie. Mustari umepanda, haukuteremka.

Nikuchekeshe kidogo. Siku ile ya kununua kitambaa nilichelewa, nikapita mbele ya boma la Nchelenge saa kumi na mbili. Askari mmoja alikuwa anashusha bendera. Nikasimama. Sikufikiri, miguu yenyewe ilisimama, mikono ikashuka kando, kikapu kikabaki kichwani. Baiskeli zinanipita, mama mmoja anapita anakula muwa, watu wanacheka mambo yao. Kwao hakuna anayesimama, Papa. Askari anashusha kama mutu anayeanua shuka. Mwanamke mmoja, baadaye nikajua anaitwa Musonda, akaja akanishika kiwiko: "Bushe mulelwala, mayo?" Yaani naumwa? Nikamwambia hapana, nangoja bendera. Akaniangalia kwa huruma, akanipa maji.

Nilirudi nyumbani nikicheka, halafu sikucheka tena. Nilikumbuka kule Lukongwa, wewe unapiga filimbi, na kila kitu kinasimama, hata padri, hata lori la samaki. Nikiwa mudogo nilikuwa najivuna. Nilidhani baba yangu ndiye anayesimamisha jua.

Kwa hiyo nakuuliza, na naomba unijibu kama ulivyojibu juu ya nyota. Ile jioni ya 2017 tulikuwa tumefika kwenye boti sisi watatu. Risasi zilikuwa zinasikika upande wa kanisa. Ukasema, "Drapo iko bado juu, ninarudia sasa hivi," ukaenda kushusha bendera. Mama alikungoja, halafu akashuka kukufuata. Mwenye boti hakungoja. Nilivuka peke yangu na sufuria mbili. Mama akafa huko, 2019, sikumuona tena. Ulirudi kwa ajili ya kitambaa. Juu ya nini, Papa, kwa sababu gani?

Binti yako,
Fidélie


Lukongwa, tarehe 22 Mei 2024

Kwako Fidélie,

Salamu. Mimi niko. Mvua zimekatika.

Nimesahau kukuambia: upande wa mulingoti ukunje kitambaa mara mbili na kupitisha kamba ndani, usitoboe matundu. Upepo ukipiga kwenye tundu unaanza kuchana. Na usiache ilale nje. Msalimie Muzee Gauthier, mwambie kijani tuliivaa wote.

Papa yako,
Michée


Mantapala, tarehe 24 Juni 2024

Papa,

Salamu. Siku imepita. Bendera yako ilipanda karibu na ya Zambia, kamba ndani, bila matundu. Wakubwa walitoka Nchelenge na magari. Watoto waliimba kwa Kibemba kisha kwa Kiswahili. Ilipoanza kupanda, wakimbizi wote tulisimama kimya, hata wale wa mwisho kabisa waliokuwa wanapika, na wageni wakashangaa. Muzee Gauthier alilia, na haikuwa ile yake. Mimi sikulia. Niliangalia mushono.

Nilikuuliza swali moja tu. Umenijibu habari za matundu.

Nimefikiri sana na nimeona ni afadhali nikuambie waziwazi. Nina upweke huku, Papa. Nikifunga mulango hakuna anayeniuliza nimekula nini. Nilipopata barua yako ya kwanza niliiweka chini ya mto, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Lakini siwezi kuendelea kuandikiana na mutu anayenifundisha bendera na kunificha mama yangu. Ukiwa na jibu, andika. Ukiwa huna, usiniandikie tena juu ya vitambaa.

Fidélie


Mantapala, tarehe 2 Septemba 2024

Papa,

Natumaini uko hai na karatasi hii itakukuta.

Mama Noëlla amefika jana. Hakufungua hata mizigo, alikuja moja kwa moja kwangu. Ameniambia waliyokufanyia askari wapya wa poste, kile kituo chao. Ameniambia ulipita njiani wakati bendera inashuka na hukusimama, na walikushika.

Wewe, Papa. Sijui nilie au nicheke.

Yote niliyoandika mwezi wa sita yaweke kando. Hasira yangu haijaisha, nisikudanganye, lakini itangoja. Huko huna mutu, na nchi ambayo mutu anapigwa kwa kutosikia si ya kukaa muzee kiziwi. Nina chumba, ni cha cherehani, nitaihamisha. Vuka. Nijibu tu kama umeumia.

Fidélie, mutoto wako


Lukongwa, tarehe 19 Septemba 2024

Kwako mutoto wangu,

Nakusalimu. Sikuumia, isipokuwa kwenye bega, na bega lilikuwa bovu tangu zamani. Mama Noëlla anapenda kuongeza chumvi, ndiyo biashara yake.

Ilikuwa hivi. Nilitoka kununua mafuta ya taa. Nilikuwa naangalia chini kwa sababu ya magoti. Kumbe filimbi imelia, watu wote wamesimama, na mimi ninapita katikati yao. Kijana mmoja askari akanivuta shati. Nilimsoma mudomo polepole: "We muzee, hauone drapo iko inashuka? Uko mutu wa wapi?" Nikamwambia, mi sisikiake, nilikuwa planton hapa miaka arobaini na mitatu. Wakacheka. Wakanisimamisha mbele ya mulingoti mutupu, mukono kwenye kofia ambayo sina, mpaka giza likaingia. Watu wanaonijua walikuwa wanapita. Mungu anajua, hakuna aliyethubutu kunisalimia, na siwalaumu.

Sasa sikiliza, maana nilikuwa na muda wa kufikiri pale. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Sheria ile niliishika mimi. Filimbi ile niliipiga mimi. Katika miaka hiyo yote, mutu asiposimama, askari walikuwa wananiangalia, na mimi nilinyoosha kidole. Siku moja nilimunyooshea mwanamke mwenye mutungi kichwani na mutoto mgongoni. Labda alikuwa kiziwi. Sikumuuliza.

Uliniuliza juu ya nini nilirudi. Nilikaa miezi minne na swali lako kwenye mufuko wa koti. Nikuandikie ukweli, halafu ufanye unavyotaka.

Bendera niliishusha, nikaikunja, nikafunga biro. Hiyo ilikuwa kazi ya dakika kumi. Ningekuwahi. Lakini nilikaa kwenye ngazi za biro. Nilifikiri: nikivuka nitakuwa muzee wa kupanga foleni ya unga na karatasi mukononi. Hapa, mara mbili kwa siku, komanda anasimama, padri anasimama, lori linasimama, kwa sababu mimi Michée nimeshika kamba. Sikuipenda Kongo kuliko ninyi, Fidé. Nilijipenda. Mama yako Ngalula alinikuta pale nimeketi. Hakunigombeza. Alikaa pembeni yangu, tukasikia mashine ya boti inaondoka. Tulikaa na aibu hiyo mpaka akafa, na hatukuitaja.

Ndiyo maana sijui kama nije. Sitaki uniweke nyumbani kwa huruma, uwe unaniangalia kila siku na kuhesabu makosa yangu.

Papa yako,
Michée


Mantapala, tarehe 1 Oktoba 2024

Papa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikatoka nje, nikapalilia mihogo ya jirani bila kuombwa.

Nilikasirika sana. Bado. Lakini ni mara ya kwanza nimekasirikia mutu, si kitambaa. Mutu naweza kumupikia.

Cherehani nimeihamisha. Njoo. Nikihesabu nitahesabu kwa sauti, na wewe husikii.

Fidélie


Lukongwa, tarehe 14 Oktoba 2024

Kwako mutoto wangu,

Salamu. Nimecheka peke yangu, jirani akachungulia.

Nitavuka siku ya posho, ndiyo Jumamosi, tarehe 19, na boti ya Mama Noëlla, Mungu akipenda na ziwa likikubali. Nina begi moja. Nyumba nimemwachia mchungaji. Kaburi la mama yako nimelipalilia, nimemwambia.

Nina ombi moja. Tukifika Nchelenge kutakuwa na watu wengi kwenye ufuko na mimi sitakusikia ukiniita. Uso wako niliuacha una miaka ishirini na saba, sijui kama nitautambua, na hilo linanitia woga kuliko maji. Funga kitambaa kwenye fimbo ukiinue juu. Rangi yoyote, nitakwenda kwenye hicho.

Papa yako,
Michée


Mantapala, mezani, tarehe 12 Novemba 2024

Papa,

Habari za asubuhi. Najua unaendelea vizuri, uko mbele yangu unatoa miiba kwenye samaki. Usiinue macho mpaka nimalize.

Ni siku ishirini na nne tangu ufike. Ile siku ya ufuko kila mutu hapa ameisikia: mimi nimesimama na kitenge kwenye fimbo mpaka mukono umekufa, na wewe umeteremka kwenye boti ukaenda moja kwa moja kwa muke wa Rodwell, fundi wa mashine za boti, aliyekuwa anaanika shuka, ukamukumbatia ukilia. Yeye naye akalia, bila kujua anamulilia nani. Nilicheka siku mbili.

Baada ya hapo tumenyamaza. Napiga kelele, majirani wote wananisikia, wewe unaitika kwa kichwa na najua hukupata neno. Nikichoka nanyamaza. Wewe unakaa mulangoni, Kibemba hukijui, watu wanakupungia mukono. Tarehe 24 mwezi uliopita, Zambia ilipotimiza miaka sitini, ulisimama shuleni wima kuliko askari wao, nikakuona ulivyo peke yako. Ng'ambo tulikuwa tunaongea, Papa. Hapa tunakula. Ndiyo maana jana nilinunua daftari hili.

Wewe uliniambia ukweli wa ngazi za biro. Mimi nina wangu. Mama alipougua, 2019, ujumbe wako ulinifikia. Mama Noëlla alinikuta nyumbani, akanieleza yote. Nilimwambia arudi aseme hakuniona. Watu nikawaambia naogopa kuvuka, nitafutwa kwenye orodha ya wakimbizi. Haikuwa hiyo. Nilitaka ubaki peke yako na ugonjwa wake. Nilitaka ikuume jinsi iliyoniuma mimi kwenye boti. Nilikuwa nakuadhibu wewe, na Mama ndiye aliyelala akiangalia mulango.

Sijamwambia mutu. Najua sina haki ya kuuliza, lakini nauliza. Aliniulizia?

Nakusogezea karatasi na kalamu. Nipo hapa hapa.

Mutoto wako,
Fidélie


Hapo hapo mezani

Fidé,

Nimesoma. Salamu nimeziona, mimi niko.

Aliuliza kila siku. Mama Noëlla aliporudi akasema hakukuona, nilijua anadanganya, hajui kudanganya yule, lakini sikumwambia mama yako. Nilimwambia umepata habari, unakuja, upepo umezuia boti. Siku tatu nilisema upepo. Nje hakukuwa na upepo na dirisha lilikuwa wazi.

Siku ya nne, Jumatano, macho yake yalikuwa hayaoni tena vizuri. Akauliza. Nikamwambia umefika, uko nje unanawa miguu. Akasema nisikusumbue na maneno kwanza, nikupe chakula, umetoka mbali. Nikatoka. Nilisimama uani na sahani. Sikujua la kufanya na ile sahani, Fidé, nikala mimi, nimesimama, chakula chako. Nikarudi nikamwambia umekula ukamaliza. Akanishika mukono akasema vizuri, basi alale kidogo halafu mtaongea. Hakuamka.

Sikukuambia kwa sababu nilimudanganya mutu anayekufa, na nilidhani utanichukia kwa hilo pia. Chukia ukitaka, niko karibu.

Lakini jua hivi. Hakuondoka akikungoja. Kwake yeye ulikuwa umefika na umeshiba.

Papa yako